Siku ya Pili ya Noeli: Matabishi, Mapumziko na Bei ya Chini

Kila mwaka, Noeli ikiisha, habari moja hutufikia kutoka ng'ambo. Watu wameamka usiku wa manane, wamevaa makoti mazito, wamesimama msitari mbele ya duka lililofungwa. Mlango unapofunguliwa wanakimbia kama watu waliokimbia moto, ila hawa wanakimbilia ndani. Mmoja ashika koti kwa mkono wa kuume, mwenzake ashika koti lile lile kwa mkono wa kushoto. Sababu yake ni moja tu: bei imeshushwa. Ndugu zetu wanaokaa Bruxelles, katika mtaa ule uitwao Matonge kwa jina la Matonge ya Kinshasa, wanazijua siku hizo vema. Wabelgiji na Wafaransa huziita siku za solde.

Wengine wakisikia hayo hucheka, wengine hutamani. Sisi twataka kufanya neno lingine: kuuliza mazoea haya yalitoka wapi, na ni nani anayeyalipia. Maana bei ya chini ni kama mzigo uliotuliwa na mtu njiani. Yeye amepumzika, lakini mzigo haukupotea. Yuko mwenzake aliyeupokea. Wapendwa wasomaji, tufuate basi njia ya mzigo huo.

I. Sanduku la udongo

Tarehe 26 Desemba Kanisa hukumbuka Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba yeye na wenzake sita walichaguliwa kwa sababu ya manung'uniko: wajane wengine walikuwa wakisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku. Haishangazi basi kwamba katika nchi nyingi za Ulaya siku yake ilihesabiwa kuwa siku ya kuwakumbuka maskini. Wimbo mmoja wa Kiingereza, uliotungwa na John Mason Neale, kasisi wa Kianglikana, na kupigwa chapa mwaka 1853, wasimulia habari za Wenceslas, mtawala wa Bohemia wa karne ya 10, aliyetoka katika theluji siku hiyo kumpelekea maskini chakula na kuni.

Kule Uingereza siku hii ilipata jina la pekee, Boxing Day, maana yake Siku ya Sanduku. Jina hilo lilitoka wapi? Katika London ya karne ya 17 vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa mafundi walikuwa na sanduku dogo la udongo, lenye ufa mwembamba juu wa kutilia sarafu. Noeli ikikaribia walilipitisha kwa wanunuzi wa bwana wao, na kila mmoja alitia kidogo. Sanduku lile halikuwa na mlango wala ufunguo. Ilikuwa lazima kulivunja, ndipo vijana wakagawana fedha. Samuel Pepys, mwandishi mashuhuri wa serikali ya wakati ule, aliandika katika kitabu chake cha kila siku, mwezi wa Desemba 1663, kwamba alitia kitu katika sanduku la namna hiyo. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana. Hayo ndiyo matabishi.

Katika nyumba za wakubwa mambo yalikuwa hivi: siku ya Noeli yenyewe watumishi hawakupumzika, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na meza ilikuwa ndefu. Kesho yake ndipo walipopewa ruhusa kwenda kuwaona wazazi wao, na mara nyingi walibeba zawadi au chakula cha karamu kilichobaki. Hata mleta barua na kijana wa mwuza nyama walipita siku hiyo kuomba chao. Kufika miaka ya 1830 jina la Boxing Day lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Tushike neno moja hapa, maana tutalirudia. Noeli ilikuwa siku ya wote, lakini siku ya pili ya Noeli ilikuwa siku ya mtumishi.

II. Sheria iliyofunga benki

Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilikubali sheria iliyoletwa na Sir John Lubbock. Mtu huyu alikuwa mwenye benki, mjumbe wa Bunge, tena mtaalamu aliyechunguza maisha ya siafu na nyuki. Sheria yake iliweka siku nne za mapumziko kwa benki za Uingereza: Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na tarehe 26 Desemba. Noeli na Ijumaa Kuu zilikuwa tayari siku za mapumziko kwa desturi ya zamani.

Lakini tuangalie vema. Sheria ile ilifunga benki. Haikumwamuru mwenye duka kufunga duka lake. Karani wa benki alikwenda zake kutembea pamoja na watoto. Mwuzaji wa duka alingoja huruma ya bwana wake. Lubbock mwenyewe aliliona pengo hilo, na kwa miaka mingi aliendelea kupigania wauzaji wa maduka. Tutaona baadaye alichopata. Kwanza ni lazima tueleze jinsi duka lenyewe lilivyobadilika, maana bila duka la namna mpya siku za bei ya chini zisingaliweza kuzaliwa.

III. Bei iliyoandikwa

Sokoni kwetu mtu hapati bei iliyoandikwa. Mama mwenye lengalenga ataja bei yake, mnunuzi ataja yake, wanavutana, wanataniana, wanapatana, na mwisho mama aongeza majani machache juu. Ndivyo ilivyokuwa hata Ulaya. Katika maduka mengi ya Paris ya zamani bidhaa haikuwa na bei iliyobandikwa. Mwuzaji alimtazama mnunuzi viatu na kofia, kisha akataja bei. Tena mtu akiingia ndani aliona haya kutoka mikono mitupu.

Wengine walichukizwa na mazoea hayo kwa sababu ya dhamiri. Katika karne ya 17 Mwingereza George Fox, mwanzilishi wa jamii ya Wakristo waitwao Quakers, aliwafundisha wafuasi wake wafanya biashara kutaja bei moja tu. Kwake yeye, kutaja kumi huku moyoni umekubali sita ni kusema uongo. Watu walishangaa, lakini wakaona faida yake: hata mtoto mdogo aliweza kutumwa katika duka la namna hiyo, asidanganywe.

Miaka 200 baadaye wazo hilo liliingia katika maduka makubwa. Mwaka 1852 Aristide Boucicaut aliingia katika ushirika wa duka moja la Paris liitwalo Le Bon Marché. Alifuata kanuni chache zenye nguvu. Bei iandikwe juu ya kila kitu. Mtu aingie bure, atazame, atoke. Asiyependa kitu alichonunua akirudishe. Faida iwe ndogo kwa kila kitu, lakini vitu viuzwe upesi na kwa wingi. Kule Marekani John Wanamaker, Mpresbiteri wa mji wa Philadelphia, alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1876 alifungua duka kubwa katika jengo lililokuwa ghala la mizigo la gari la moshi, na kila bidhaa ilikuwa na kikaratasi cha bei.

Basi, ugomvi wa bei ulikwisha? Haukwisha, ulihamishwa. Zamani watu wawili walivutana mbele ya meza, kila mmoja akimwona mwenzake usoni. Sasa mwenye duka peke yake ndiye apangaye bei, na yeye peke yake ndiye ajuaye ni siku gani itashuka. Mnunuzi hawezi tena kushindana na mwuzaji. Amebaki na mtu mmoja tu wa kushindana naye, ndiye mnunuzi mwenzake. Hapo ndipo yalipotoka makelele yote tunayoyasikia kila mwaka.

IV. Kwa nini bei hushuka baada ya sikukuu

Mtu aweza kuuliza: je, mwenye duka ameingiwa na huruma baada ya Noeli? Hapana. Tutoe mfano, na hesabu hii ni yetu wenyewe. Mtu amenunua makoti 100 kwa franka 20 kila moja. Ametoa franka 2,000. Anayauza kwa franka 50. Kufika Noeli ameuza 60, amepata franka 3,000. Mtaji umerudi, na franka 1,000 zimebaki kwa kulipa nyumba, mishahara na faida yake. Makoti 40 yangali yakining'inia. Majira ya kuuza makoti yanakaribia kwisha, nguo za majira mapya zimo njiani, na nafasi hakuna. Akiyauza hata kwa franka 15, chini ya bei aliyonunulia, atapata franka 600 zaidi. Akiyaweka ghalani, mwaka ujao yatakuwa makoti ya kizamani. Kwa hiyo anashusha bei, wala hajapoteza kitu.

Kuna sababu ya pili. Baada ya sikukuu watu wametumia fedha zao, nao hukaa nyumbani. Duka liko wazi, taa zinawaka, wauzaji wanalipwa, lakini wanunuzi hakuna. Boucicaut alitafuta dawa ya mwezi huo mkavu, akauza vitu vyeupe: mashuka, vitambaa vya meza, mashati ya ndani. Hadithi yasema alipata wazo hilo akitazama theluji dirishani. Lakini hiyo ni hadithi tu. Neno la hakika ni kwamba shuka jeupe halichakai kwa majira, na mwezi wa Januari lilijaza duka lililokuwa tupu. Wanamaker naye alifanya mauzo yake ya vitu vyeupe mwezi wa Januari 1878. Émile Zola, katika kitabu chake Au Bonheur des Dames cha mwaka 1883, ameonyesha duka la namna hiyo likifurika watu siku ya maonyesho ya vitu vyeupe.

Njia ya ajabu kupita zote ilionekana Boston, Marekani. Mwaka 1909 Edward Filene alifungua sehemu ya duka chini ya ardhi, na pale bei ilishuka yenyewe kwa tarehe. Kitu kisichouzwa kwa siku 12 za kazi kilipunguzwa 25 kwa mia. Baada ya siku 18 kilipunguzwa 50 kwa mia, baada ya siku 24, 75 kwa mia. Kikifika siku 30 bila mnunuzi, kilitolewa bure kwa maskini. Kila mnunuzi aliijua kanuni hiyo, na kila mmoja alikuwa na wasiwasi moyoni: nikinunua leo nitalipa zaidi, nikingoja hadi wiki ijayo mwingine atakichukua. Wengine walikificha kitu walichokipenda chini ya vitu vingine, wapate kurudi siku bei itakaposhuka. Mwuzaji hakusema neno. Wanunuzi wenyewe kwa wenyewe ndio walioviziana.

V. Watu wa nyuma ya meza

Sasa tutazame upande wa pili wa meza. Katika Uingereza ya karne ya 19 wauzaji wengi wa maduka walikuwa vijana, wavulana kwa wasichana, waliolala katika nyumba za bwana wao na kula chakula chake. Gharama yake ilikatwa katika mshahara. Walisimama tangu asubuhi hata usiku, na makosa madogo yalitozwa faini.

Sheria iliyopatikana mwaka 1886 kwa juhudi ya Lubbock yaonyesha hali ilivyokuwa. Ilikataza kijana chini ya miaka 18 kufanya kazi dukani zaidi ya saa 74 kwa wiki, pamoja na saa za kula. Msomaji afanye hesabu: ni zaidi ya saa 12 kila siku kwa siku sita. Nayo ilihesabiwa kuwa sheria ya huruma! Mwaka 1899 ikatoka sheria nyingine, ya viti: mwenye duka alilazimishwa kuweka kiti kimoja kwa kila wauzaji watatu wanawake. Ilihitajika sheria ya Bunge ili mwanamke apate kuketi kidogo.

Katika wasichana hao alikuwamo Margaret Bondfield, aliyezaliwa mwaka 1873. Alianza kazi ya duka akiwa na miaka 14. Baadaye aliingia katika chama cha wauzaji wa maduka, akachunguza maisha yao na kuyaandika magazetini kwa jina la kujificha, Grace Dare. Mwaka 1929 akawa waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza. Kati ya mambo hayo mawili, sheria ya mwaka 1911 ilikuwa imewapa wauzaji wa maduka mapumziko ya nusu siku kila wiki. Kwa hiyo saa za kupumzika za mtu wa duka hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilipatikana moja moja, kwa miaka mingi.

VI. Mlango uliovunjika

Turudi Philadelphia, mji wa Wanamaker. Wamarekani wana sikukuu ya kumshukuru Mungu, Alhamisi ya nne ya Novemba, na kesho yake huanza kununua vitu vya Noeli. Katika miaka ya 1950 na 1960 polisi wa mji huo waliiita siku hiyo Ijumaa Nyeusi. Watu wa vijijini walijaa mjini kununua, na kesho yake Jumamosi palikuwa na mchezo mkubwa wa mpira kati ya timu ya jeshi la nchi kavu na timu ya jeshi la majini. Motokaa zilifunga njia, wezi walipata nafasi, na hakuna polisi aliyeruhusiwa kupumzika. Jina lilikuwa la uchungu, na lilitoka kwa wafanya kazi. Mwaka 1961 wenye maduka walijaribu kulibadili, wakashindwa. Tangu miaka ya 1980 walieneza maelezo mengine, kwamba weusi ni wino wa kuandikia faida katika vitabu vya hesabu. Leo wengi huyasadiki maelezo hayo, na uchovu wa polisi umesahauliwa.

Tarehe 28 Novemba 2008, siku hiyo hiyo ya baada ya sikukuu, watu wapata 2,000 walikusanyika kabla ya mapambazuko mbele ya duka moja la Valley Stream, katika jimbo la New York. Karibu saa kumi na moja ya asubuhi walisukuma mlango mpaka ukavunjika. Mfanyakazi mmoja mwenye miaka 34, aliyeajiriwa kwa muda wa sikukuu tu, alikuwa amewekwa mlangoni kwa sababu alikuwa na mwili mkubwa. Aliangushwa, akakanyagwa, akafa. Walioshuhudia walisimulia kwamba wanunuzi wengine, walipoambiwa watoke kwa kuwa mtu amekufa, walinung'unika: wamesimama msitari tangu jana. Ofisi ya serikali ya usalama wa kazi ilitoza faini ya dola 7,000. Kisha ikatoa mashauri kwa wenye maduka yote jinsi ya kupanga msitari na kuhesabu watu kabla ya kufungua.

Tusiwahukumu upesi wale waliosimama msitari. Ulikuwa mwaka wa shida kubwa ya fedha; wengi walikuwa watu wa mshahara mdogo, waliotaka kuwapa watoto wao kitu cha Noeli. Aliyekufa naye alikuwa mtu wa mshahara mdogo. Maskini walisukumana na maskini, na aliyepanga bei ile, saa ile na mlango ule hakuwapo.

VII. Siku ya mtumishi ilikwenda wapi?

Kwa muda mrefu mauzo ya bei ya chini ya Uingereza yalikuwa jambo la Januari. Lakini kila mwenye duka aliogopa kutanguliwa na jirani. Mmoja akianza siku moja mapema, mwingine alianza siku mbili. Mwaka 1994 sheria iliruhusu maduka makubwa ya Uingereza na Wales kufunguliwa Jumapili kwa saa sita, na mazoea ya zamani yakazidi kulegea. Mwisho mauzo yalifika tarehe 26 Desemba yenyewe, na maduka mengine yakafungua mlango saa kumi na mbili ya asubuhi. Mwaka 2004 Bunge liliona lazima kuweka ukuta, na sheria ikakataza duka lenye ukubwa wa kupita meta 280 za mraba kufungua siku ya Noeli. Ukuta huo walinda tarehe 25. Haukuilinda tarehe 26.

Hapo twaona jambo lililogeuka. Siku ile iliyokuwa ya mtumishi imekuwa siku ambayo mtumishi ataamka kupita wote. Mwuzaji atakayefungua mlango saa kumi na mbili yampasa kufika kabla, kupanga nguo, kubadili vikaratasi vya bei. Hata jioni ya Noeli hawezi kukaa na wageni wake. Mwaka 2016 zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi ombi kwa Bunge, wakitaka maduka yafungwe siku hiyo. Wabunge walizungumza juu yake, lakini serikali haikukubali kutoa sheria mpya. Hata hivyo maduka mengine, baada ya taabu za ugonjwa wa Covid mwaka 2020, yalifunga kwa hiari yao siku ya pili ya Noeli ili kuwashukuru wafanyakazi.

Wabelgiji wamefuata njia nyingine. Kwao solde za baridi kwa kawaida huanza tarehe 3 Januari, nazo huisha tarehe 31. Karibu mwezi mzima kabla yake, mwuza nguo, viatu au mifuko ya ngozi hana ruhusa kutangaza bei iliyopunguzwa. Makusudi yake ni kulinda duka dogo lisimezwe na duka kubwa, na kumwonyesha mnunuzi bei ya kweli. Lakini faida nyingine yaonekana wazi: Noeli na Mwaka Mpya zinapita bila mbio hizo. Sheria yaweza basi kuweka mpaka, nayo biashara haikufa.

Bei ya kweli yenyewe ni jambo la kuangaliwa. Wauzaji wengine walipandisha bei wiki chache kabla ya solde, wapate kuishusha mbele ya watu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliweka kanuni inayotumika tangu tarehe 28 Mei 2022: anayetangaza kwamba amepunguza bei, aonyeshe pia bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Tukumbuke George Fox. Kikaratasi cha bei kiliwekwa ili kuzuia uongo, na uongo ulijifunza kusoma na kuandika.

VIII. Mzigo wafika kwetu

Siku hizi wengi hawasimami tena mlangoni. Hununua usiku kwa intaneti, na mbio zimehamia katika maghala, ambako wafanyakazi hupanga na kufunga vitu usiku kucha. Lakini njia ya mzigo haiishii ghalani wala dukani.

Kwa upande mmoja yarudi nyuma, mpaka kwa mshonaji. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliwaangukia wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wakafa zaidi ya 1,100. Walikuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani kwa bei ndogo. Siku iliyotangulia nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, lakini waliitwa kazini.

Kwa upande mwingine njia yatufikia sisi. Nguo iliyonunuliwa kwa mbio Januari, ikavaliwa mara chache, hutolewa na mwenyewe, huchaguliwa, hufungwa katika marobota, na kupitia Matadi, Dar es Salaam au Mombasa hufika masokoni kwetu. Mama hununua robota lililofungwa bila kujua kilichomo, naye huomba Mungu yasiwe makoti ya theluji. Sisi tunavaa vizuri kwa fedha kidogo, wala hatuoni aibu. Lakini fundi wa kushona nguo aliyeko mtaani kwetu ameketi mbele ya cherehani, angoja kazi.

Hatusemi kwamba ni dhambi kununua kwa bei ya chini. Mjane wa Bruxelles aliyepata koti la mtoto kwa nusu ya bei amefanya vema, na koti lililokaa ghalani halimfai mtu. Twasema tu kwamba katika safari hii yote, tangu sanduku la udongo hata mlango wa Valley Stream, kila mara bei iliposhuka palikuwa na mtu aliyesimama muda mrefu zaidi ili ishuke. Sheria za mwaka 1886, 1899, 1911 na 2004 ziliandikwa kwa sababu watu fulani walimtazama mtu huyo, wakamhesabia saa zake.

Kwetu Kongo tarehe 26 Desemba si siku ya mapumziko. Asubuhi hiyo mama wa nyanya amerudi sokoni. Tarehe 24 aliuza mpaka giza. Leo nyanya zilizobaki zinaanza kulainika, naye ajua, nasi twajua kwamba ajua. Siku hiyo ni rahisi sana kumshushia bei mpaka chini ya mtaji wake. Tupatane naye bei, ndiyo desturi. Lakini tukiisha kupatana, tumwachie kidogo juu. Siku zote yeye hutupa sisi matabishi. Siku ya pili ya Noeli, kwa jina lake la zamani, ilikuwa ni yeye wa kupewa.